Mwezi wa Tano wa Pili

Hai Phong, 8 Machi 1998

Shangazi Nhai, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mgongo umetulia na tofu yako inaisha sokoni kabla jua halijawa kali. Sisi huku wazima. Ti ametimiza miezi miwili, amenenepa mpaka mikono ina mikunjo kama unga uliokandwa. Nikimnyonyesha ananitazama kwa macho ya marehemu Mama, yale yale ya kukuuliza umeshakula au bado. Baba yake humwimbia nyimbo za kwao Poland akimwogesha. Majirani wanachungulia dirishani, wanacheka, na mimi nacheka nao.

Baba hajambo? Bado anakohoa asubuhi? Usimwambie kama nimeuliza.

Sasa neno lenyewe, Shangazi. Mkataba wa Vitold kwenye karakana ya meli unaisha mwisho wa Julai, na viza yake inaisha siku hiyo hiyo. Tumekwenda ofisi ya wageni mpaka mlinzi wa getini anamwita Ti kwa jina. Wanasema anaweza kupewa viza ya familia, maana ni mume wangu wa ndoa ya serikali. Na kazi anayo, kuna fundi wa injini za mashua anamngojea. Ila mimi bado nimeandikwa kwenye nyumba ya Baba, huko Dong Mo. Basi mkuu wa nyumba, yaani Baba, lazima atie sahihi kwamba anamjua mtu huyu na anampokea, kisha ofisi ya kijiji igonge muhuri. Nilimwambia yule mama wa dirishani, "Mama, baba yangu hajawahi kumwona." Akanijibu, "Basi mpelekee amwone. Anayefuata!"

Bila sahihi hiyo Vitold anaondoka, na atarudi lini hakuna anayejua. Ti atajifunza kuita baba kwenye picha. Mwonjeshe Baba neno hili pole pole, kama unavyojua wewe.

Ti amelala mapajani, naandika kwa mkono mmoja. Kama herufi zinapanda mlima, ni yeye.

Mwanao,
Duyen


Dong Mo, 2 Aprili 1998

Duyen wangu,

Mgongo upo pale pale, haujapata pa kwenda. Mpunga umeshika, kijani mpaka macho yanauma. Bata wangu wamejifunza kuvuka mfereji wanakwenda kutaga kwa jirani, na mwenyewe anasema yai halina jina la mtu. Tumeacha kusalimiana. Yakipungua mayai tutasalimiana tena.

Kwanza nikugombeze. Nani alikufundisha kumsifu mtoto mchanga unene? Ukimtaja, sema ni mbaya kama chura, wapita njia wa gizani wasimtamani. Sisi wote tulilelewa kwa matusi, ndiyo maana tumefika umri huu.

Neno lako nimemwonjesha kaka. Nilingoja ale, anywe chai, avute kiko chake cha mwanzi mpaka macho yalegee. Nikasema. Akaniuliza, "Unamsema yule aliyeolewa mama yake hajatimiza mwaka kaburini?" Nikamwambia, "Huyo huyo. Kwani una mwingine?" Akakung'uta kiko. Halafu akasema, "Jina langu siliweki chini ya mtu ambaye hajasimama mbele ya mama yake." Akatoka kwenda kuangalia maji shambani. Maji yenyewe hayakuwa na shida yoyote.

Mila unazijua, sina haja ya kukufundisha. Aliyefiwa na mzazi aolewe kabla ya siku mia, au angoje mpaka matanga yaanuliwe, baada ya miaka miwili na kitu. Wewe ulipita katikati. Mimi najua Ti hakuwa na nafasi ya kungoja. Kaka naye nadhani anajua, ila hataki aonekane anajua. Lakini sikiliza alichosema, usisikilize alivyokisema. Hakusema hamtaki. Alisema hajasimama mbele ya mama yako. Mlango wa namna hiyo umerudishwa tu, haukukomewa.

Mlete siku ya kumbukumbu ya mama yako, kumi na mbili ya mwezi wa tano wa mwandamo. Asimame, ainamishe kichwa, ubani uwake. Mengine tutayaona.

Mfunike mtoto kitovu, bado kuna baridi.

Shangazi yako,
Nhai


Hai Phong, 3 Mei 1998

Shangazi, shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Ti ni mbaya kama chura. Jana chura huyo alicheka kwa sauti mara ya kwanza, akajishtua mwenyewe, akalia. Vitold anakusalimu sana. Anasema mayai ya bata wako ni kama yeye, yamezaliwa upande usio wao.

Tutakuja! Nimefunua kalenda ya ukutani, karatasi moja moja, mpaka nikaiona kumi na mbili ya mwezi wa tano. Ni Jumapili, tarehe 5 Julai. Nikapiga kelele, Vitold akadhani nimeungua. Jumapili hafanyi kazi, Shangazi, Mama mwenyewe ametuchagulia siku. Tutakuja kwa pikipiki alfajiri, tuvuke kwa kivuko cha kwanza. Kulala hatuwezi. Mgeni wa nchi nyingine halali kijijini mpaka mwenye nyumba amwombee kibali, na mimi siwezi kumwomba Baba viwili kwa mpigo. Kwa hiyo tutaingia asubuhi tutatoka jua halijazama.

Vitold anafanya mazoezi. Anashika njiti za ubani kwa mikono miwili, anainama mara tatu, anasema "Shikamoo, Baba" kwa lugha yetu. Hana pa kuinamia, basi anainamia jungu la wali. Jana jirani aliingia kuomba chumvi akamkuta hivyo. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Kwao wanaabudu wali?"

Ninachoogopa ni baba mkubwa Thuc na mdomo wake. Mbele ya watu wote, Shangazi, akianza kusema mimi nitashindwa kula. Sijui Baba atanitazama usoni. Lakini ninakuja.

Mwanao,
Duyen


Dong Mo, 14 Juni 1998

Duyen,

Barua yako ya mwezi wa tano imefika, nimeisoma yote, na tarehe yako nimeiona.

Huku joto. Mavuno yameanza, watu hawalali, mashine za kupura zinanguruma kila ua na makapi yanaingia mpaka kwenye chai. Jirani sasa ananisalimu. Bata mmoja ametagia ndani ya kofia yake.

Wiki iliyopita nyumba ya kaka ilijaa watu. Walikula, walikunywa, wakasema ya kusema. Baba yako mkubwa Thuc alisema kwa niaba ya wote. Bakuli la kaka lilibaki na wali, na wewe unajua mtu wa njaa ile ya mwaka arobaini na tano habakizi wali. Sielezi zaidi, karatasi ni ndogo.

Njoo siku ile ile uliyosema, 5 Julai. Usiibadilishe hata mtu akikwambia nini. Mimi siku hiyo huenda nikawa sokoni, tofu hainingojei. Usinitafute, nenda moja kwa moja kwa baba yako.

Nhai


Hai Phong, 7 Julai 1998

Shangazi, shikamoo.

Natumaini tofu ilinunuliwa yote. Nilipita kwako Jumapili nikakuta mlango umefungwa na bata wananitazama kama mimi ndiye mwizi. Kwa kuwa hukuwapo, acha nikusimulie yote.

Tulifika saa tatu. Nilijua kuna kitu hakipo sawa tangu getini. Hakuna viatu vya wageni mlangoni, hakuna moshi jikoni, hakuna sauti ya mke wa baba mkubwa Thuc akiamrisha watu. Ua wote umeanikwa mpunga, na Baba peke yake anaugeuza na reki ya mbao, miguu mitupu. Mbwa akabweka. Baba akageuka. Akamtazama Vitold kuanzia miguuni kwenda juu, na unajua ilivyo safari ndefu.

Vitold akainama mpaka kofia ya pikipiki ikamdondoka. "Shikamoo, Baba."

Baba hakuitikia. Akaniambia mimi, "Umefuata nini?"

Nikasema, "Tumekuja kwenye kumbukumbu ya Mama."

"Mama yako alikumbukwa mwezi uliopita."

Nikarudia, "Mwezi uliopita?"

"Mwaka huu mwezi wa tano umekuja mara mbili," akasema. "Leo ni kumi na mbili ya mwezi wa tano wa pili, ule wa nyongeza. Kumbukumbu hufanywa ule wa tano wa kwanza. Hata kuku wanajua. Mjini huko mnatundika kalenda ukutani kufunika nyufa?"

Shangazi, nilisimama pale na kuku wangu wa kuchemsha ndani ya kapu, na wali wa kunata, na matunda, na Ti mgongoni anaanza kulia. Nilitamani ardhi inimeze na pikipiki. Nilikosea siku ya mama yangu. Mtu aliyekwisha kukosea mara moja kwenye msiba wa mama yake, anakuja kuomba radhi, anakosea na siku ya kuombea. Nikaanza kulia sawa na Ti, sikujua nani anamfuatisha nani.

Vitold hakuelewa tunasema nini. Alikuwa anatazama juu, upande wa mto. Nami nikatazama. Wingu lilikuwa limesimama nyuma ya mianzi, jeusi kama sufuria, na upepo ukaja wa baridi. Ngurumo moja. Papo hapo kijiji kizima kikapiga kelele, unajua kelele ile, "Mvua! Mpunga! Mpunga!" Vitold aliiacha kofia pale chini, akavua viatu, akavua soksi, akazikunja vizuri akaziweka ndani ya viatu, akachukua reki ya pili iliyoegemezwa ukutani. Kwao wazazi wake ni watu wa mashamba. Mpunga hawana, lakini wana majani ya ng'ombe, na mvua ni mvua.

Baba akaniuliza, "Anafanya nini huyu?"

"Anaanua mpunga, Baba."

"Nina macho! Mwambie asiusukume huko, huko kuna mtaro!"

Nikafungua mdomo nitafsiri, Baba akashindwa kungoja. Akampigia kelele mwenyewe. "Wewe! Huku! Huku kwangu! Kwa mgongo wa reki, si kwa meno!" Na Vitold akaelewa, Shangazi. Sijui alielewaje. Nilimlaza Ti ndani ya ungo mkubwa barazani, nikashika ufagio. Baba anavuta, Vitold anasukuma, mimi nafagia, tukaukusanya katikati kama kaburi kubwa la dhahabu. Baba anapiga kelele "Turubai! Shika ncha! Ncha, si katikati, wewe mlingoti!" Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa, yanauma. Upepo ukanyakua turubai, Vitold akajilaza juu yake na mwili wake wote, na safari hii urefu wake ulikuwa na faida. Baba akaweka matofali pembeni. Mvua ikamwagika.

Tukasimama barazani watatu, tumelowa, tunahema. Kwa jirani nusu ya mpunga ilichukuliwa na maji mpaka barabarani, tukawasikia wakilaumiana. Wa Baba ulikuwa mkavu. Vitold akaanza kujikuna shingo, mikono, tumbo, maana makapi yalimwingia kila mahali. Baba akamtazama kidogo, halafu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Mama aanze kuumwa. "Mwambie asijikune, atajichuna kama mhogo. Aende kisimani."

Akampa shati lake. Lilimwishia kitovuni.

Halafu Baba mwenyewe, bila mimi kumwambia, akafuta mikono, akawasha ubani mbele ya picha ya Mama. Akatuita. Vitold akasimama na kile kishati, akashika njiti kwa mikono miwili kama alivyofanya kwa jungu. Baba akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anazungumza na mtu aliye jikoni: "Mama Duyen, mtu mwenyewe ndiye huyu. Ameingia na mvua. Na mtoto ni huyu, ni mbaya kama chura."

Shangazi, nilishindwa kujizuia. Nililia tena, lakini kile kilikuwa kilio kingine.

Kuku tulimla. Baba alisema, "Ameshafika, hatuwezi kumrudisha Hai Phong." Akampa Vitold kiko cha mwanzi, Vitold akavuta mara moja, akakohoa mpaka mbwa akaondoka barazani. Ti alikaa mapajani kwa Baba, akamshika ndevu, na Baba akamwachia.

Karatasi ya ofisi niliitoa mwishoni. Niliiweka chini ya sinia ya chai, sikuweza kumpa mkononi. Baba aliiona. Hakuigusa. Alitazama nje akasema, "Jua linashuka. Kivuko hakiwangojei." Tukaondoka.

Basi sijui. Vitold anasema mtu hampi mtu asiyemtaka shati lake. Mimi namjua Baba, anaweza kukupa shati na asikupe jina. Mwisho wa mwezi uko karibu, Shangazi. Vitold ameshusha begi lake kutoka juu ya kabati, anasema ni kulifuta vumbi tu. Sijamuuliza.

Na kingine. Wewe uliisoma tarehe yangu mwezi wa tano. Uliijua. Mbona hukunisahihisha?

Mwanao,
Duyen


Dong Mo, 18 Julai 1998

Duyen wangu,

Sisi wazima, mvua ishukuriwe. Kuhusu swali lako la kalenda, siku hizi macho yangu ni mabovu, sisomi vizuri namba ndogo.

Jana niliona bata wangu wanne ng'ambo ya mfereji nyuma ya banda la jirani, mmoja ana manyoya meupe mawili mkiani. Nimewafuata.

Baba yako alikaa na karatasi yako chini ya sinia wiki nzima. Kila akinywa chai anainua sinia, anaitazama, anairudisha. Nilikuwa naenda pale kwa visingizio mpaka visingizio vikaniishia, ikabidi niombe chumvi na mimi ninayo gunia. Sikumwambia neno. Baba yako mkubwa Thuc ndiye aliyekuja kumwambia. Alisema, "Nimesikia yule mzungu alikuja. Nimesikia umempa shati." Kaka akamjibu, "Na wewe mpunga wako ulilowa. Vijana wako walikuwa wapi?" Thuc akaondoka bila kumaliza chai.

Asubuhi yake kaka akavaa shati jeupe. Nikasema, huyu ama anakwenda mazishini ama anakwenda ofisi ya kijiji. Nikamfuata, nilikuwa na tofu ya kuuza upande ule.

Karani ni yule Quyet, uliyesoma naye, aliyekuwa anakamata panzi darasani. Akamwambia, "Mzee Khoat, hapa uandike huyu mgeni ni nani kwako."

Kaka akasema, "Ni mtu aliyeanua mpunga wangu."

"Hiyo haina nafasi yake, mzee. Kuna mpangaji, kuna rafiki, kuna ndugu, kuna mkwe."

Kaka akashika kalamu juu ya karatasi kwa muda mrefu. Watu nyuma wakaanza kukohoa. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni langu, nilihisi tofu inaanza kuchacha. Halafu akaandika. Anaandika taratibu, unajua, anabonyeza mpaka meza inapokea. Akaandika mkwe. Quyet akagonga muhuri.

Karatasi hii hapa ndani ya bahasha, nimeikunja mara moja tu isichakae. Ikimbizeni.

Tulipofika njiani kaka akasema amesahau kitu, akarudi ofisini peke yake. Akatoka na karatasi nyingine mfukoni. Nilimuuliza ni ya nini. Akasema tofu yangu siku hizi ni laini mno.

Nhai


Hai Phong, 31 Julai 1998

Shangazi, shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Wamegonga! Mama wa dirishani aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma, akapitisha kidole juu ya sahihi ya Baba akasema, "Huyu mzee anaandika kama anachonga." Nikamwambia ndivyo alivyo. Vitold amerudisha begi juu ya kabati. Usiku, tukila, akaniambia kwamba lile begi halikuwa na vumbi. Nikamwambia nilijua.

Mlinzi wa getini alimpa Ti pipi, na Ti hana hata jino.

Macho yako mabovu nayabusu yote mawili, Shangazi. Sitauliza tena.

Mwambie Baba... Hapana. Mwambie tu kwamba Ti ameanza kugeuka kifudifudi.

Duyen


Dong Mo, 23 Agosti 1998

Duyen wangu,

Nimemwambia kuhusu kugeuka. Akasema, "Hata vyura hugeuka." Kisha akaenda kumweleza mama yako pichani, nilimsikia.

Sisi wazima. Mpunga wa pili umeshapandwa, mimi na jirani tumekubaliana mayai nusu kwa nusu. Mgongo unakusalimu.

Matanga ya mama yako yataanuliwa mwezi wa nane wa mwandamo, siku ya kumi na tisa. Vitambaa vya msiba vitachomwa, na kaka anasema havichomwi mpaka mmalize kuviinamia, wewe na mumeo. Thuc atakuwepo. Kaka amesema Thuc atakula atakachopewa.

Ile karatasi ya pili nimeijua sasa, maana Quyet hawezi kuficha kitu. Ilikuwa ya kumwombea mgeni kibali cha kulala kijijini. Pale pa kujaza siku ya kuingia kaka alijaza. Pale pa siku ya kuondoka aliacha wazi. Quyet akamwambia, "Mzee, lazima uandike ataondoka lini." Kaka akamjibu, "Andika wewe unachotaka, mimi sijui."

Kingine. Juzi nilimkuta anapasua mianzi uani. Nikamuuliza anajenga banda? Hapana. Anarefusha kitanda cha chumba cha nyuma, kile ulicholalia utotoni, anakiunga upande wa miguuni. Nikasema, "Kaka, utajuaje kama kimetosha, na mtu mwenyewe hayupo?" Akaenda kuchukua ile reki ukutani. Akaisimamisha kando yake, akaweka kiganja juu yake, akasema ilikuwa inamfika mumeo hapa, kidevuni, halafu kuna kichwa. Akailaza kitandani, akaongeza kichwa kwa mkono wake, akakata mwanzi.

Njooni mapema. Na kalenda usiogope, nimeitazama mwenyewe kwa macho yangu haya. Mwaka huu mwezi wa nane ni mmoja tu.

Shangazi yako,
Nhai